Cheni 17 kwenye kiroba: bei chee na bei mbaya kwenye shamba la misindano

Shemeji yangu alishuka kwenye bodaboda mbele ya karakana, asubuhi moja ya mwisho wa Julai, baridi ya Mafinga ikiwa bado haijaachia mikono. Akatua kiroba sakafuni kikalia chuma. Ndani mlikuwa na cheni 17 za chensoo, zote zimekufa ndani ya wiki saba, na hukumu alikuwa ameshaitoa akiwa njiani.

"Fundi, hizi cheni za bei chee zimenimaliza. Nataka za bei mbaya. Niambie tu ninunue ipi."

Nilimwomba siku moja. Nilijua akitoka pale na hasira ataingia dukani, atatoa pesa nyingi, na baada ya wiki tatu atarudi na kiroba kingine, safari hii cha cheni ghali. Nimenoa na kutengeneza chensoo kwa miaka mingi vya kutosha kujua kwamba cheni iliyokufa haisemi uongo. Ukiisoma jino kwa jino itakuambia nani aliyeiua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shamba la mtu binafsi nje ya mji, misindano (misonobari) ya miaka kama 18, mistari ya milingoti (mikaratusi) pembezoni kama kinga ya upepo. Sehemu kubwa ni safi, ila bonde la chini liliungua Oktoba ya mwaka uliopita, magamba ya miti yakabaki meusi. Shemeji alikuwa na chensoo mbili zenye injini ya zaidi ya cc 70, baa (ule upanga wa chuma ambao cheni inauzunguka) ya inchi 20, kila moja na opareta na msaidizi wake. Analipwa kwa ujazo wa magogo yanayofika barabarani, ambako mashine ya dingdong inayapasua mbao. Chensoo ikisimama, dingdong inasimama, na mwenye dingdong hana subira.

Cheni yenyewe ni ile ambayo mafundi wengi hapa wanaitaja kwa namba: nafasi ya viungo inchi 3/8, unene wa vijino vya chini milimita 1.6, vijino 72, meno ya kukata 36. Ya bei chee alikuwa ananunua kwa 28,000. Kumi na saba ni shilingi 476,000. Ya kampuni kubwa, ya aina ile ile, tuliikuta mjini kwa 85,000. Yaani kwa bei ya moja unapata tatu za chee na nauli ya bodaboda inabaki.

Maiti mezani

Nilizimwaga mezani, nikaziosha kwa petroli na brashi, nikazipanga chini ya taa.

Cheni nyingi zina alama ndogo mgongoni mwa jino, upande wa nyuma, inayoonyesha mwisho wa kunoa. Hata usipoiona, jino likibaki milimita 3 au 4 ujue limetumika lote. Hiyo ndiyo njia halali ya cheni kufa: imekula tupa mpaka mwisho. Kati ya zile 17, iliyofika hapo ni moja. Moja tu.

Sita zilikuwa zimepinda tabia. Meno ya upande mmoja marefu, ya upande wa pili yameliwa karibu nusu. Opareta wa Shemeji wote ni wa mkono wa kulia. Wanapokaa kunoa, upande mmoja mkono unasukuma kwa nguvu na raha, upande mwingine wanajipinda, tupa inateleza juu juu. Baada ya siku chache cheni inavuta upande. Unaanza kukata gogo moja kwa moja, unamaliza umechora mwezi mchanga. Opareta anadhani cheni imekwisha, anaitupa, kumbe nusu ya chuma bado iko pale.

Tano zilikuwa zimeharibika chini, mahali ambapo watu hawaangalii kabisa. Vile vijino vinavyotembea ndani ya mfereji wa baa vilikuwa vimetafunwa, ncha zimejikunja kama ndoano. Hapo sikuhitaji kuuliza. Nilifungua kifuniko cha klachi cha chensoo iliyokuja naye, nikakuta spoketi imechimbika zaidi ya milimita moja. Kikomo chake ni nusu milimita. Spoketi iliyolika haina tena nafasi sawa na cheni mpya, kwa hiyo kila kijino kinaingia kwa kugongwa. Waendesha pikipiki wanalijua hili vizuri. Hakuna dereva wa bodaboda mwenye akili anayefunga cheni mpya juu ya spoketi iliyochongoka. Kwenye chensoo watu hao hao wanasahau, kwa sababu spoketi imejificha.

Tatu zilikuwa na rangi ya buluu kwenye makali. Hizi zilinolewa kwa mashine ya umeme kando ya barabara, na mnoaji alikandamiza jiwe mpaka jino likawaka. Chuma kikifika rangi ile kimepoteza ugumu wake, hakuna tupa itakayourudisha. Tangu dakika ile cheni ya 28,000 na ya 85,000 zina thamani moja.

Mbili zilikatika. Hizo nitazirudia, maana ndizo zilizoninyima usingizi.

Kwa hiyo cheni 17, na ni moja tu ninayoweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ilifikia umri wake. Shemeji aliniangalia kama ninayetetea duka. Sikuwa natetea duka. Nilitaka aelewe kwamba angefunga cheni ghali 17 juu ya spoketi ile, akazinoa kwa mkono ule, hasara ingekuwa mara tatu.

Tofauti iko kwenye chuma

Hapa niseme jambo kuhusu cheni zenyewe, kwa sababu wengi wanaamini cheni ghali imechongwa kwa siri fulani. Umbo la jino tunalotumia leo lina asili moja. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Buford Cox, alimtazama buu wa mdudu akitafuna kisiki kushoto na kulia, akaona namna taya zake zinavyopishana. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni iliyokuja kuwa Oregon. Jino la kushoto, jino la kulia, na kijinundu mbele ya kila jino kinachopima litakula kina gani. Cheni ya chee na cheni ghali zote ni wajukuu wa yule buu.

Wanachotofautiana ni chuma na uangalifu. Kiwanda kizuri kinapasha chuma joto na kukipoza kwa kipimo kimoja, jino la kwanza na la thelathini na sita yakawa na ugumu ule ule. Juu ya jino kinaweka tabaka jembamba la kromu, na kwa hakika ni kromu ile inayokata. Chuma cha chini yake kinaibeba tu. Kinazifanya ribiti, zile pini zinazounganisha viungo, ziwe ngumu kivyake, kwa sababu cheni "hairefuki" kwa kuvutika kama mpira. Inarefuka kwa sababu matundu na ribiti zinalika. Viwanda vingine huivuta cheni kabla haijaingia kwenye boksi, ili ule ulegevu wa mwanzo umalizikie kiwandani. Na vingine huchonga vifereji vidogo vya kubeba oili mpaka kwenye ribiti.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kukiona kwa macho dukani. Ndiyo maana namwelewa mnunuzi anayeshika cheni mbili, akaona zinafanana, akachukua ya 28,000.

Na hili la "Kichina" tuliache. Stihl hutengeneza cheni zake Wil, Uswisi, tangu 1974. Oregon ina kiwanda Curitiba, Brazil, na kingine Fuzhou, China. Nchi haikuambii ubora. Anayekuambia ni jina lililogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye cheni za Stihl, kwa mfano, utakuta namba kwenye kijinundu, 3 ikimaanisha 3/8, na namba nyingine kwenye kijino cha chini, 6 ikimaanisha milimita 1.6. Cheni nyingi kwenye kiroba cha Shemeji hazikuwa na alama yoyote. Hazikuwa na wa kumuuliza.

Tulichorekebisha kwanza

Kabla ya kulinganisha chochote tulibadilisha spoketi zote mbili. Baa zilikuwa na kingo zimepanuka na kuchongoka upande mmoja. Nilizisawazisha kwa tupa bapa, nikasafisha mifereji na matundu ya oili, nikazigeuza juu chini. Baa inapaswa kugeuzwa kila mara unapobadili cheni, ili ilike pande zote. Za Shemeji, kwa jinsi zilivyolika, hazijawahi kugeuzwa tangu zinunuliwe.

Kisha oili. Walikuwa wanatumia oili chafu, wanapewa bure kwenye gereji za malori. Hapa nilisema kwa ukali, na nasema tena. Oili chafu ina unga wa chuma ndani yake, ni kama kupaka cheni msasa laini. Haishiki, inarushwa yote ncha ya baa inapogeuka. Na inarukia nguo na ngozi ya opareta kutwa nzima, ilhali oili ya injini iliyotumika ina sumu zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Kijana wa miaka 22 anatembea na suruali iliyolowa kitu hicho mapajani kwa sababu tumeokoa elfu chache. Walinunua oili mpya ya kawaida, SAE 30. Ya 40 inapatikana zaidi, lakini asubuhi za Julai huku Mufindi inakuwa nzito kama uji na pampu ndogo ya chensoo haiivuti vizuri.

Mwisho, kunoa. Kila opareta alipewa tupa ya duara ya 5.2 na kishikio chenye mistari ya nyuzi 30, na sheria tatu. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, usirudishe tupa ikiwa imegusa. Hesabu misukumo, idadi sawa kila jino, na upande wa mkono dhaifu uongeze mmoja. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, pima kijinundu. Kinapaswa kuwa chini ya jino kwa milimita 0.65. Kikiwa juu, jino kali halili mti. Kikishushwa sana kwa makisio, jino linauma kwa pupa na chensoo inaruka mikononi. Na wajifunze kulitazama jino dhidi ya mwanga. Makali yakirudisha mstari unaong'aa ni butu, maana makali ya kweli hayaonekani. Kama hawana muda wa kutazama, waangalie chini. Chensoo kali inatema maranda. Ikianza kutema unga, isimamishwe.

Jaribio la kwanza, ambalo nililiharibu mimi

Tukanunua cheni moja ghali. Tukaifunga chensoo ya kwanza, ya chee ikaenda ya pili. Siku ya kwanza, kabla ya saa sita mchana, opareta wa cheni ghali alikuwa ameketi ananoa, mwenzake bado anakata. Siku ya pili vivyo hivyo. Shemeji alinipigia simu, sauti yake si ya kulalamika, ni ya masikitiko.

Nilikwenda shambani jioni ile, nikaishika ile cheni, nikaona kosa langu. Meno yake yalikuwa ya kona kali, ya mraba. Ya ile ya chee yalikuwa ya kona ya mviringo. Hizi ni cheni mbili tofauti hata zikitoka kiwanda kimoja. Kona kali inakata haraka sana kwenye mti safi, lakini uzima wote wa jino umesimama kwenye ncha moja. Ikigusa mchanga ncha inaondoka na jino limekufa. Kona ya mviringo inakata polepole kidogo, lakini inavumilia uchafu. Muuzaji alinipa iliyokuwepo, nami nikapokea bila kutazama jino. Nao walikuwa wanaanza siku kwa kukata magogo yaliyoburuzwa kwenye vumbi jekundu la barabarani.

Naandika hili kwa sababu nimesikia watu wengi wakisema "nilijaribu ile ghali, haina lolote," na nikiwahoji nakuta walilinganisha kona kali na kona ya mviringo. Huo si ushahidi. Nilirudi dukani nikasubiri siku nne mpaka ilipoletwa ghali yenye kona ya mviringo, 3/8, 1.6, vijino 72.

Jaribio la pili

Safari hii tulikubaliana masharti. Sehemu safi ya shamba tu, misindano na ile mistari ya milingoti. Magogo yaliyoburuzwa yakatwe kwa msumeno wa mkono au yasafishwe mahali pa kukata kwanza. Opareta wabadilishane cheni kila baada ya siku mbili, tusije tukapima watu tukadhani tunapima chuma. Hesabu iwe kwa matanki ya petroli, kwa sababu saa zina uongo mwingi shambani. Kuna kusubiri trekta, kuna chai, kuna mvua. Petroli iliyochomwa haidanganyi sana. Msaidizi mkubwa alikuwa na daftari la shule mfukoni, anachora mstari kila tanki na msalaba kila wakinoa.

Cheni ya chee ilidumu matanki 46 na misalaba 15. Yaani ilidai tupa kila tanki la tatu. Ile ghali ilikwenda matanki 118 na misalaba 23, karibu kila tanki la tano. Kwenye milingoti tofauti ilionekana hata kwa sikio. Ile ya chee ilikuwa inaanza kupiga kelele ya juu, injini inakimbia na mti hauliki, wakati mwenzake bado anatema maranda marefu. Na ile ya chee siku mbili za mwanzo ilikazwa mara nyingi mno, kila tanki ikining'inia chini ya baa. Ghali ilikazwa asubuhi ya kwanza na baadaye kwa nadra.

Sasa twende kwenye hesabu, na hapa ndipo Shemeji alipokunja uso, kwa sababu aliitegemea iseme jambo moja tu.

Gawa 28,000 kwa matanki 46: kila tanki limekula kama shilingi 609 za cheni. Gawa 85,000 kwa matanki 118: kila tanki 720. Kwa bei ya chuma peke yake, ya chee imeshinda! Watu husema rahisi ghali, lakini kwenye mstari huu wa daftari rahisi ilikuwa rahisi kweli. Kazi ya matanki 118 kwa cheni za chee ni kama 72,000, pungufu ya 85,000.

Kinachogeuza hesabu ni ile misalaba. Kwa kazi ile ile ya matanki 118, cheni za chee zingedai kunolewa mara 38 dhidi ya 23. Tofauti ni 15, na kunoa meno 36 kwa uangalifu, ukiweka na kukaza cheni, kunachukua dakika 20. Hizo ni saa tano. Opareta na msaidizi wake kwa siku wanamgharimu Shemeji 60,000 kwa saa nane, kwa hiyo saa tano ni 37,500. Ongeza tupa. Moja ilikuwa inanoa mara sita hivi, inanunuliwa 4,000, kwa hiyo mara 15 ni tupa mbili na nusu, 10,000. Ya chee sasa imefika karibu 119,500, ghali imebaki 85,000. Nafuu ya cheni ghali ni kama 34,000 na ushei kwa muda wote wa uhai wake.

Ni fedha, lakini si utajiri. Na iko kwenye hali ya hewa nzuri tu. Kila ukinunua cheni ghali tatu, moja ikagonga jiwe au msumari wa uzio siku ya pili, umepoteza 85,000, na nafuu ya zile mbili zilizobaki, 69,000, imekwenda nayo. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: kama kikosi chako bado kinagusa udongo kila siku, nunua za chee huku ukijifunza. Cheni ghali haifundishi mtu kazi.

Najua pia kwamba nilipima cheni moja moja. Cheni moja si kiwanda kizima, hasa upande wa chee, ambako boksi mbili za jina moja zinaweza kuwa na chuma mbili. Nafuu hiyo ya 34,000 ningeichukua kama mwelekeo, nisiilalie.

Bonde lililoungua

Kwa lile bonde tulichukua jozi nyingine, moja moja, siku nne. Matokeo hayakuwa na mjadala. Zote mbili zilidai tupa kabla ya tanki la pili kwisha. Gamba lililoungua linabeba mkaa, majivu na mchanga uliopeperushwa, na jino linapita ndani ya vile vyote kabla halijafika kwenye mti. Vivyo hivyo visiki. Mwenye shamba alitaka vikatwe chini kabisa, na hapo ncha ya baa iko vidole viwili kutoka ardhini. Kromu nzuri ya Uswisi ikigusa jiwe la Mufindi haikumbuki ilikotoka.

Zilizokatika

Nilisema nitazirudia. Cheni inakimbia kwenye baa kwa takribani mita 20 kwa sekunde. Ikikatika, kipande cha mwisho kinaweza kupigwa kama mjeledi na kuruka kama risasi, kikifuata mstari wa baa. Ya kwanza ilidakwa na kile kidaka cheni chini ya chensoo, opareta akatoka na alama nyeusi kwenye buti. Ya pili ilipotea kipande. Walikitafuta kwenye majani wasikione, na msaidizi alikuwa amesimama mbele, upande wa kulia, hatua sita.

Nilipozikagua nilitegemea kukuta chuma kibovu. Zote mbili zilikuwa zimeachia mahali pamoja, kwenye kiungo. Cheni hizi hazikutoka kwenye boksi. Zilikatwa kwenye rola la futi 100 dukani, na muuzaji akaunganisha ncha kwa kugonga ribiti kwa nyundo juu ya jiwe. Ribiti ya upande mmoja ilikuwa imepasuka kichwa, ya nyingine haikutanuliwa vya kutosha. Kuna kifaa cha kukunja ribiti kwa kuzungusha, kinachoacha kichwa laini pande zote, na kiungo kikabaki kinakunjika kwa urahisi kama viungo vingine. Bila kifaa hicho hata rola la kampuni kubwa litakatika. Sitaki kuwapa cheni za chee mzigo usio wao. Lakini ukweli ni kwamba biashara ya bei chee hapa kwetu ndiyo biashara ya rola na nyundo, na mnunuzi habebi chuma tu, anabeba na ule mkono uliokiunga. Ukishika cheni mpya, izungushe kiungo kwa kiungo kati ya vidole. Kimoja kikikataa kukunjika, au kichwa cha ribiti kikiwa na ufa au umbo la uyoga uliokanyagwa, irudishe hapo hapo.

Na msaidizi asisimame kwenye mstari wa baa. Hilo halihusu bei.

Alivyoondoka

Shemeji alimaliza lile shamba mwishoni mwa Septemba, akapata kazi nyingine Makete. Alipopita kuaga alikuwa na cheni ghali mbili za kona ya mviringo kwa ajili ya kuangusha na kukata magogo kwenye mti safi, na za chee tatu, zote za boksi, za visiki, njia za trekta na popote penye udongo. Cheni ghali ikibakiza robo ya jino inashushwa cheo, inakwenda kumalizia uzee wake kwenye visiki. Alinunua spoketi ya akiba. Oili chafu ameacha, ingawa aliniambia anaiona kila siku pale gereji, bure, na roho inamuuma.

Zile sita zilizokuwa na meno marefu upande mmoja sikuzitupa. Jioni moja moja, karakana ikishatulia, nilitafuta jino fupi kuliko yote kwenye kila cheni, nikalifanya kipimo, nikayashusha mengine yote yafanane nalo, kisha vijinundu. Mbili zilikuwa zimekwenda mno. Nne zilirudi. Nilimwekea kwenye kiroba kile kile alichokuja nacho Julai, akaenda nazo Makete, na nimesikia ndizo zinazokata visiki sasa.